Ufunguo wa Mlango wa Nyuma Uko Wapi? Fanyeni Zoezi la Kujiokoa Kabla ya Msimu

Wengi wenu mmezoea kunisoma hapa nikieleza ubwiriunga, upogoleaji wa mikorosho na namna ya kuanika korosho ghafi mpaka ikauke sawasawa. Leo naomba radhi, siandiki habari za shamba. Naandika habari za kule zao linakokwenda baada ya mnada, yaani kiwandani. Na nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu jambo lenyewe nimelinyamazia mimi mwenyewe kwa muda mrefu.

Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara kwenye viwanda vya kubangua korosho, nikiwa na vikundi vya wakulima wanaotaka kujua zao lao linafanywaje. Tukiingia tunaangalia unyevu, tunaangalia korosho zilizovunjika, madaraja na usafi wa meza. Kwenye kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kulikuwa na mlango wa nyuma kwenye chumba cha kumenyea. Juu yake kilibandikwa kibao cha kijani chenye picha ya mtu anayekimbia. Chini ya kibao kulikuwa na kufuli lililoshika kutu.

Nilipita mbele ya mlango ule misimu mitatu. Siku moja nikauliza kama mzaha, "Ufunguo wa hapa uko wapi?" Msimamizi akajibu, "Anao mlinzi." Mlinzi yuko wapi? Amekwenda kunywa chai. Tukacheka. Ndani ya chumba kile walikuwa wamekaa akina mama zaidi ya 100, vichwa vimeinama, wanamenya.

Nilicheka na mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Hoja yangu

Hoja yangu ni moja. Kiwanda ambacho hakijawahi kufanya zoezi la kujiokoa hakijui kama watu wake wanaweza kutoka. Mwenye kiwanda anaweza kuwa na ramani ukutani, mitungi ya kuzimia moto na cheti ndani ya fremu ofisini, lakini kuhusu swali hili moja anabahatisha. Na anabahatisha kwa maisha ya watu wengine.

Nikisema zoezi la kujiokoa namaanisha jambo rahisi. King'ora kinalia. Mashine zinazimwa. Kila mtu anatoka kwa mlango ulio karibu naye. Mnakusanyika sehemu moja, mnahesabiana, mnarudi kazini. Hakuna semina, hakuna posho, hakuna fulana. Ni robo saa.

Watu wengi wanadhani zoezi hili ni la kuwafundisha wafanyakazi kukimbia. Binadamu hahitaji kufundishwa kuukimbia moto. Anayefanyiwa mtihani siku hiyo ni jengo, ni msimamizi na ni mwenye kiwanda. Zoezi ndilo linaloonyesha kufuli, king'ora kisichosikika na majina yasiyo kwenye daftari, siku ambayo makosa hayo hayajamuua mtu.

Kuku walikaguliwa, mlango haukukaguliwa

Nitakupa mifano mitatu. Yote ni ya nje, na miwili ya kwanza imetoka Marekani, ili usiniambie kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini.

Katika mji mdogo wa Hamlet, jimbo la North Carolina, kulikuwa na kiwanda cha kukaanga kuku cha kampuni ya Imperial Food Products. Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1991 bomba la mafuta ya mtambo liliachia karibu na kikaangio kikubwa. Mafuta yakaruka, yakashika moto, na moshi mzito ukajaa jengo zima ndani ya dakika chache. Wafanyakazi walikimbilia milango. Milango ikawa imefungwa. Baadhi walijificha kwenye chumba cha baridi wakidhani moshi hautawafikia, na humo wakafa. Waliokufa walikuwa 25, wengi wao wanawake.

Milango ilifungwa kwa nini? Sababu iliyotolewa zaidi ni kuzuia wizi wa kuku. Soma tena sentensi hiyo, kisha ufikirie korosho.

Kiwanda kile kilifanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa hata mara moja kwa upande wa usalama wa wafanyakazi. Hakikuwahi kufanya zoezi la moto. Lakini wakaguzi wa nyama wa serikali walikuwa wakifika pale mara kwa mara kuangalia kama kuku ni salama kwa mlaji. Mlaji alilindwa, mfanyakazi hakulindwa. Mwenye kiwanda alikiri mashtaka ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha karibu miaka 20. Hukumu hiyo haikumfufua mtu.

Niliposoma habari ya wale wakaguzi wa nyama nilijiona mwenyewe. Mimi nilikuwa nakagua korosho huku kufuli linanitazama.

Vumbi la sukari na redio za mkononi

Mfano wa pili ni kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar, Port Wentworth, jimbo la Georgia. Majina yanafanana, lakini hii ni kampuni nyingine kabisa. Jioni ya tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililokuwa limejikusanya kiwandani lililipuka. Ndiyo, vumbi la sukari hulipuka. Vumbi la unga wa mahindi na la ngano pia hulipuka, likitanda hewani ndani ya chumba kilichofungwa kisha likakutana na cheche. Wenye mashine za kusaga, mmesikia. Pale Port Wentworth walikufa watu 14.

Tume ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliandika mengi kuhusu vumbi lile. Lakini iliandika na hili: mpango wa kuwatoa watu haukutosha. Taarifa ya dharura iliwafikia wale waliokuwa na redio za mkononi na simu tu. Wengine walitegemea mtu aje awaambie ana kwa ana. Na kampuni haikuwa inafanya mazoezi ya kuondoka kwa dharura.

Hiki hakikuwa kiwanda cha uchochoroni. Kilikuwa kiwanda kikubwa chenye umri wa miaka zaidi ya 90. Ukubwa na umri havikuwaambia watu wapitie wapi.

Ruhusa ya kuacha kazi

Mfano wa tatu umetoka Bangladesh. Tarehe 24 Novemba 2012 moto ulianza kwenye ghala la chini la kiwanda cha nguo cha Tazreen, nje kidogo ya Dhaka. King'ora kililia. Manusura walieleza kwamba wasimamizi waliwaambia si kitu, warudi kwenye mashine zao. Walirudi. Zaidi ya watu 110 walikufa.

Hapa ndipo pananiogopesha zaidi nikifikiria viwanda vyetu. Kibarua anayelipwa kwa kilo haondoki mezani bila ruhusa. Anajua akisimama bila kuitwa atafokewa, na pengine kesho ataambiwa nafasi zimejaa. Kwa hiyo king'ora kikilia, hatazami mlango. Anatazama uso wa msimamizi. Msimamizi naye anatazama uso wa meneja, na meneja yuko mjini.

Zoezi linakata mnyororo huo. Siku ya zoezi, mbele ya kila mtu, bosi anasema, "King'ora kikilia, toka. Usiniulize. Ukitoka bure sitakukata hata shilingi." Hiyo ndiyo ruhusa inayotolewa mapema, kabla moshi haujaingia. Tangazo la ukutani haliwezi kuitoa, kwa sababu hakuna kibarua anayeliamini tangazo kuliko anavyouamini ukali wa msimamizi wake.

Visingizio, kimoja kimoja

*"Tutapoteza uzalishaji."* Tupige hesabu. Watu 200 wakisimama dakika 15, umepoteza saa 50 za kazi. Fanya mara mbili kwa mwaka, ni saa 100. Sasa umeme ukikatika saa tatu mchana mmoja, watu walewale 200 wanakaa bure saa 600. Hilo unalivumilia, unalalamika kidogo, maisha yanaendelea. Kwa nini umeme usamehewe saa 600, maisha ya watu yanyimwe 100?

*"Watu wataiba."* Hiki ndicho kisingizio kikubwa kwenye korosho, na silaumu hofu yenyewe. Korosho iliyobanguliwa ni mali, na inaingia mfukoni. Lakini wizi una dawa nyingine. Weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, kisha tundika kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Mlango ukifunguliwa bila sababu, kiwanda kizima kitajua. Upekuzi ufanyike nje, baada ya watu kuhesabiwa, na akina mama wapekuliwe na akina mama. Kama biashara yako haiwezi kuishi bila kuwafungia watu ndani, basi tatizo lako si wizi, ni biashara.

*"Tuna mitungi ya kuzimia moto."* Vizuri. Nani anajua kuitumia? Mtungi ni wa moto mdogo unaoanza. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayowaka vizuri, na ndiyo maana viwanda vingi huchoma maganda kwenye boila badala ya kuni. Lundo la maganda likishika moto karibu na ukuta, moshi wake hauvumiliki. Hapo mtungi umekwisha kazi, na kilichobaki ni miguu na mlango.

*"Zimamoto watakuja."* Piga 114, na upige mapema. Lakini kituo kiko mjini, na wewe uko wapi? Pima barabara yako wakati wa masika. Zimamoto watafika kuzima jengo. Kuwatoa watu katika dakika za kwanza ni kazi yenu mliopo.

*"Tumekaguliwa, tuna cheti."* Mkaguzi alikuja saa nne asubuhi, siku ambayo mlijua anakuja, na kufuli lilikuwa limetolewa. Tuambizane ukweli.

*"Ajali ni mipango ya Mungu."* Hili nalisikia zaidi misibani, na kwa heshima ya wafiwa huwa nanyamaza. Hapa sinyamazi. Kifo kimeandikwa, sawa. Lakini lile kufuli lilinunuliwa dukani, na risiti ipo.

Kilichotokea tulipojaribu

Nilirudi kwenye kiwanda kile. Sikwenda na barua wala vitisho. Nilimwambia meneja, "Mzee wangu, nipe dakika 15 tu, tena chagua siku mwenyewe." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, nadhani alichoka kuniona.

Wafanyakazi waliambiwa wiki hiyo kutakuwa na zoezi, bila kuambiwa saa. King'ora kilipolia haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, chumba cha kubangulia hakikusikia kitu. Mashine zilikuwa zinapiga kelele kuliko king'ora. Watu wa pale waliondoka walipowaona wenzao wakipita dirishani.

Pili, karibu wote walikimbilia lango kubwa la mbele, hata waliokuwa wamekaa hatua nne kutoka mlango wa nyuma. Sikuwashangaa. Mtu akibabaika hupita njia aliyoizoea, na ile ndiyo njia wanayoingilia kila asubuhi. Mlango wa nyuma hawakuwahi kuuona ukiwa wazi tangu waajiriwe.

Tatu, njia ya kwenda mlango ule ilikuwa imezibwa na magunia. Hakuna aliyeyaweka kwa ubaya. Mlango usiotumika hugeuka stoo.

Nne, na hili ndilo lililomnyamazisha meneja, tulipofika chini ya mwembe kuhesabiana, daftari lilikuwa na majina machache kuliko watu waliosimama mbele yetu. Vibarua wa siku hiyo hawakuandikwa. Nikamuuliza, "Mzee, kama wangebaki ndani watano kati ya hawa, ungejuaje?" Hakujibu.

Ilichukua dakika tisa watu wote kutoka. Tukarudia mwezi uliofuata, magunia yameondolewa, komeo jipya limewekwa, vibarua wanaandikwa getini wakiingia. Ilikuwa chini ya dakika tatu. Gharama yote ilikuwa komeo, kengele, king'ora cha pili na daftari. Ni pungufu ya bei ya gunia moja la korosho.

Ningependa kukuambia kwamba baadaye ulitokea moto na watu wakaokoka. Haujatokea, na namwomba Mungu usitokee. Nilichokipata ni kidogo kuliko hicho: nikipita pale sasa, sicheki.

Fanya hivi kabla ya msimu

1. Zunguka kiwanda chako leo ukiwa peke yako. Jaribu kufungua kila mlango wa dharura kwa ndani, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Usioweza kuufungua si mlango, ni ukuta.
2. Ondoa kila kitu kilichokaa kwenye njia: magunia, maboksi, toroli, pikipiki ya msimamizi.
3. Chagua sehemu ya kukusanyikia iliyo mbali na jengo, mbali na boila, na isiyo njia ya gari la zimamoto. Kama ni chini ya mti, kila mtu aujue mti wenyewe.
4. Pata king'ora kinachoshinda kelele za mashine, tena kisichotegemea umeme wa gridi peke yake. Kipande cha reli kinachogongwa kwa nondo kinafaa kuliko king'ora kibovu cha bei mbaya. Kama una mfanyakazi asiyesikia, mpe mwenzake wa kumgusa bega.
5. Andika kila anayeingia, kibarua, dereva wa lori na mgeni. Daftari likae getini, na mwenye daftari atoke nalo.
6. Teua mtu wa kuzima mashine na swichi kuu, mtu wa kuangalia vyooni na stoo, na mtu wa kumsaidia mjamzito, mlemavu au mama mwenye mtoto mchanga. Kila mmoja awe na msaidizi, kwa sababu siku ya siku mmoja atakuwa likizo.
7. Zoezi la kwanza tangaza siku na saa. La pili tangaza wiki tu. Kama mna shifti ya usiku, nayo ifanye zoezi lake, usiku. Jaribu pia kuufunga mlango mmoja kwa makusudi kama kwamba moto uko hapo, uone watu watafanyaje.
8. Pima muda kwa saa. Hesabu watu. Kaa nao dakika tano uwaulize walichokiona, na uanze na vibarua, siyo wasimamizi. Wao ndio wanaojua mlango gani unakwama.
9. Andika makosa matatu na tarehe ya kuyarekebisha. Zoezi lisilorekebisha kitu ni ngoma.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka zoezi la moto lifanyike angalau mara moja kila miezi 12. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu la usalama wa watu wake. Lakini mimi nasema mara moja kwa mwaka haitoshi kwenye kiwanda cha msimu. Vibarua wa mwaka jana si wa mwaka huu. Fanya zoezi wiki ya kwanza msimu unapoanza, na lingine katikati.

Mwisho, kwa kila mmoja wenu

Wewe mwenye kiwanda, usisubiri barua ya serikali. Wewe msimamizi, jua kwamba siku hiyo watu wataangalia uso wako, basi amua leo uso huo utasema nini.

Dada yangu unayemenya, kesho ukiingia kazini hesabu meza kutoka unapokaa mpaka mlango wa karibu. Kukiwa na moshi mzito hutaona kitu, mkono ndio utakaohesabu. Inama chini, hewa ya kuvuta ipo chini. Kapu na simu viache.

Wakulima wenzangu na viongozi wa AMCOS, mnapokwenda kutembelea kiwanda kinachonunua zao lenu, msiulize bei tu. Walio ndani ni wake zenu, dada zenu na binti zenu. Ulizeni ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi. Mkijibiwa "anao mlinzi," msicheke.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye kupogolea. Kazi njema.